Sambusa za Chama cha Wakulima

Mimi nina kimbelembele. Najijua, na mume wangu hunikumbusha bure kila siku. Nikiona mtu anahangaika na mzigo, nimeshamnyang'anya. Nikiona mtu anatafuta neno, nimeshampa, hata kama silo alilokuwa akilitafuta. Na tangu tuhamie Germantown, hapa Marekani, aliyekionja kimbelembele changu kuliko watu wote ni jirani yangu wa mlango wa pili.

Jirani huyu ni Mkongo, Mbembe wa Baraka, kule kando ya Ziwa Tanganyika. Kabla ya kuletwa Marekani aliishi miaka mingi kwetu Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, na bintiye alizaliwa mlemle kambini. Siku aliponiambia hayo nilimkumbatia palepale kwenye maegesho ya magari. "Kumbe wewe ni wa kwetu!" nikamwambia. "Si sisi ndio tuliowapokea?" Akatabasamu. Nililichukua lile tabasamu kuwa ni asante, nikaendelea na mambo yangu.

Tunafanya kazi katika nyumba moja ya kulea wazee. Yeye hana gari, mimi ninalo, basi kila asubuhi tulikuwa wanne: mimi kwenye usukani, yeye pembeni yangu, na nyuma mabinti zetu wawili, wa umri mmoja na darasa moja. Tuliwashusha shuleni, kisha sisi tukaenda kukaa kwenye foleni ya barabara kuu tukisengenya dunia nzima. Nilimpenda mwanamke yule. Nasema wazi kwa sababu yanayokuja yanaweza kumfanya mtu adhani vingine. Sina ndugu wa kike katika nchi hii, na yeye ndiye niliyempigia simu nilipofiwa, kabla hata sijamwambia mume wangu.

Na nilizoea kumsemea. Kwa daktari nilimsemea, kwa mwenye nyumba nilimsemea, kwa bosi wetu ndio usiseme. Kiingereza chake si kibaya, ila ni cha polepole, na polepole inanipandisha presha. Yeye alikuwa akicheka tu: "Dada, ulimi yangu itaota kutu." Nami nikicheka naye.

Majani yalipoanza kuanguka mwaka ule, binti yangu alirudi kutoka shule macho yanamwaka. Yeye kazaliwa hapahapa. Kiswahili anakielewa mpaka matusi yangu ya jikoni, lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza. Maneno yake nitayaandika kwa Kiswahili, maana nikiyaandika alivyoyasema hatutafika.

"Mama, mimi ni mwenyekiti wa Chama cha Wakulima."

"Cha wapi?"

"Latvia."

Mimi Latvia nilidhani ni dawa ya kikohozi. Akanieleza. Mwalimu wao wa historia amewachezesha uchaguzi wa bunge. Latvia ni nchi ndogo kaskazini mwa Ulaya, iliyopata uhuru wake baada ya vita kuu ya kwanza. Ikawa jamhuri changa yenye bunge, na vyama vikaota kama uyoga. Kila mwanafunzi kaokota karatasi ya chama kwenye kofia. Kuna chama cha wakulima, cha wafanyakazi, cha wenye nyumba, na kuna vyama vidogovidogo vya makabila madogo yenye lugha zao ndani ya nchi ile. Watanadi sera zao, kisha wanafunzi wa madarasa mengine ya mwalimu huyohuyo watapiga kura, na baada ya hapo bunge litakaa darasani wiki nzima na kutunga sheria.

"Na dada yako kapata nini?" Dada yake kwangu mimi ni binti wa jirani, na wote wawili wanajua hivyo.

"Kapata kachama kadogo. Watu wawili tu. Wanataka shule za lugha yao."

"Maskini," nikasema. Lakini akili yangu ilikuwa imeshakimbilia kwa wakulima. Mimi ni mtu wa Njombe. Wazazi wangu wamezikwa na sugu za jembe mikononi. Huyu binti jembe hajawahi kuligusa, labda koleo la theluji, tena kwa kufokewa, na leo ni mwenyekiti wa wakulima! Nilisikia fahari ya kijinga kabisa. Nikamwambia anisomee sera zake. Akasoma: mikopo ya mbegu, ardhi kwa waliopigania uhuru, bei nzuri ya siagi.

"Mwanangu," nikamwambia, "kwa bei ya siagi hupati kura hata ya paka."

Uchaguzi mimi naujua. Nilipokuwa mdogo, mgombea akija kijijini kwetu, ng'ombe alianguka kabla hotuba haijaanza. Masufuria yalipangwa kwenye uwanja wa shule, akina mama wakakoroga kwa miko mirefu, na sisi watoto tulikaa upande moshi unakoelekea ili tunuse vizuri. Sera hatukuijua hata moja. Tulijua pilau ya nani ilikuwa na nyama na ya nani ilikuwa na mifupa. Mambo hayo yalikuwa na jina la heshima, takrima, ukarimu wa mgombea kwa wageni wake. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikula pilau ya kila mmoja, akafuta mdomo, akaenda kumpigia aliyemtaka mwenyewe. Majirani hawakuwa hivyo wote. Wengi walikula na kulipa kwa kura.

"Tutapika sambusa," nikamwambia binti yangu.

Mume wangu alikuwa kwenye kochi na simu yake. "Hiyo takrima kwetu ilishapigwa marufuku," akasema. "Ni rushwa."

"Rushwa gani? Ni unga na nyama!"

"Ndiyo rushwa yenyewe hiyo."

"Basi wewe usile." Akala sita.

Jumapili baada ya kanisa nilimgongea jirani mlango. Sikumuuliza kama ana nafasi. Nilimwambia lete mikono yako, tuna uchaguzi. Akaja na bintiye, tukajaa jikoni kwangu. Mimi nikakaanga nyama na vitunguu na giligilani, yeye akakunja. Vidole vyake ni vyepesi kuliko vyangu, sambusa zake zina pembe kali kama za kununua. Binti yangu alikuwa akikata vitambaa vya kijani vya kufunga shingoni kwa ajili ya wanachama wake. Binti wa jirani alitandaza karatasi kubwa kwenye meza ya chakula, akawa anachora bango lake.

Bango lile aliamua liandikwe kwa Kibembe. Chama chao ni cha watu wanaodai lugha yao, akasema, kwa hiyo ataandika kwa lugha ya kwao. Lakini kuandika Kibembe hajui sawasawa. Kambini alisoma kwa Kifaransa, mtaala wa Kongo, huku anasoma kwa Kiingereza, na Kibembe ni cha kuongea na mama tu. Ikawa kila baada ya sambusa kadhaa jirani yangu ananawa mikono, anajifuta, anainama mezani na kalamu nene, anaandika neno moja moja kwa mwandiko wake wa shule ya masista, herufi zimesimama wima. Sijawahi kumwona na uso ule. Kazini sijamwona nao, kanisani sijamwona nao.

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikauliza: "Sasa nani atakayeyasoma hayo?"

"Hakuna, dada," akajibu. "Lakini bataona iko."

Nikamgeukia bintiye. "Wewe nawe, chama cha watu wawili utafika nacho wapi? Ungana na dada yako. Wakulima ni wengi, watakubeba."

"Asante, mama," akasema kwa ile adabu yake. "Lakini chama yetu ipo."

Nikacheka kwa sauti. Jamani, nilicheka! Nikamwambia mama yake, "Umemsikia huyu? Kiburi kimeanza." Jirani hakucheka wala hakununa. Alikuwa ameinamia manda, anakunja. Mwanamke yule alikuwa anakunja sambusa za kumshinda mwanawe, jikoni kwangu, kwa sababu nilimgongea mlango nikamwambia lete mikono. Naapa sikuliona hilo siku ile. Niliona tunafurahi.

Shule za hapa hazitaki chakula cha nyumbani kigawiwe darasani, wanaogopa watoto wanaodhurika na karanga. Binti yangu na wenzake wakagawia nje, kwenye meza za uwanjani, wakati wa chakula cha mchana, wamejifunga vile vitambaa vya kijani. Alinisimulia jinsi foleni ilivyokuwa. Watoto ambao hawajui Latvia iko juu wala chini walikuwa wanauliza, "Wakulima ndio wenye sambusa?" Kura zilipohesabiwa Wakulima waliongoza. Hawakufika nusu ya bunge, lakini waliwaacha wengine mbali, na binti yangu akawa waziri mkuu. Chama cha binti wa jirani kilipata kiti kimoja. Alikikalia yeye mwenyewe, na mwenzake akarudi kuwa mwananchi wa kawaida.

Siku hiyo nilijiona kama nimeiongoza Latvia mimi mwenyewe. Kazini niliwasimulia wote, hata wazee wenyewe. Jirani alikuwa palepale, anabadilisha shuka. "Hongera," akasema.

Wiki ya bunge ikaanza. Asubuhi kwenye gari niliwauliza, "Enhe, waheshimiwa, mmetunga sheria gani?" Siku ya kwanza walicheka. Siku ya pili binti yangu akalalamika kwamba hakuna kinachopita, kila mtu anapiga kelele, leo unaungana na hawa kesho wanakukimbia. Binti wa jirani alikuwa anatazama nje ya dirisha. Sikuuliza zaidi. Mbele yetu kulikuwa na ajali na foleni imesimama, nikaanza kuwatukana madereva.

Ijumaa jirani alitoka mlangoni peke yake.

"Binti yuko wapi?"

"Ameenda na basi ya shule."

"Anaumwa?"

"Hapana."

Akafunga mkanda. Nikatazama kwenye kioo, binti yangu kazama kwenye simu kama mtu anayetafuta shimo la kuingilia. Tukaenda hivyo njia nzima. Hata redio sikuwasha. Na jirani, ambaye tangu nimjue hajawahi kuniacha nimalize foleni bila kucheka, alishuka kazini akasema "Merci, dada," akaenda zake.

Jioni nilimkalisha binti yangu kwenye kiti cha jikoni. "Sema."

"Ni mchezo tu, Mama."

"Sikukuuliza ni nini. Nimekwambia sema."

Akasema. Kwa vipandevipande, na mimi nikimkatiza, mpaka nikajilazimisha kunyamaza. Bunge lao lilikuwa vurugu. Kila binti yangu alipopeleka mswada, ulianguka. Na kila binti wa jirani aliposimama kwa kile kiti chake kimoja, kulikuwa na kikundi cha chama kingine kilichomgeuza mchezo. Mmoja wao alikuwa akilisoma lile bango la Kibembe kwa sauti ya kukejeli, anayatafuna maneno makusudi, na wenzake wanapiga meza kwa kicheko. "Zungumza lugha ya nchi!" wanamwambia. Mwalimu aliwakemea mara moja, wakatulia, wakaanza tena kwa kunong'ona. Binti wa jirani hakukaa chini. Alisimama akasema hoja yake mpaka mwisho, kila siku, hoja ileile ya shule.

Alhamisi mwalimu alimwita binti yangu nje ya darasa. Akamwambia: wewe ni waziri mkuu. Hali ya nchi ni ngumu, bunge limekwama, watu wamechoka na makelele. Jeshi liko tayari kusimama na wewe. Unaweza kulifunga bunge na vyama vyote, ukatawala mwenyewe. Unafunga au hufungi?

"Ukasemaje?"

"Nikasema nafunga."

"Kwa nini?"

Hapo akalia. Binti yangu si mtu wa kulia. "Ili wamwache, Mama. Nilifikiri nikifunga, watanyamaza wote. Hawatamcheka tena."

Wakarudi darasani, mwalimu akatangaza: bunge limefungwa, vyama vimefutwa, kila chama kiondoe bango lake ukutani na kuanzia sasa anayezungumza ni waziri mkuu peke yake. Wenye nyumba wakaondoa. Wafanyakazi wakaondoa, wakiguna. Hata wale waliokuwa wakikejeli waliondoa, wanacheka. Binti wa jirani akaenda akasimama mbele ya bango lake, mgongo ukutani. Mwalimu akauliza, "Waziri mkuu, utafanya nini?" Darasa zima likamgeukia mwanangu. Naye akamwambia rafiki yake kwa upole kabisa, "Tafadhali toka." Mwenzake akasema hapana. Basi binti yangu akapitisha mkono juu ya bega lake, akalishika bango kwa pembe, akavuta. Lilikuwa limegundishwa vizuri. Likapasuka.

Mwalimu akawaambia mchezo umekwisha, wakae. Akawaeleza kwamba Latvia yenyewe mambo yalikwenda karibu na hivyo. Waziri mkuu wa chama cha wakulima alifunga bunge na vyama vyote, akisema anawaokoa watu na ugomvi, na wapo walioshukuru. Miaka michache baadaye jeshi la nchi kubwa likaingia, na hapakuwa na bunge la kuulizwa lolote. Kwa mwalimu lilikuwa somo zuri. Sijui kama aliona kilichobaki ukutani.

Kitu cha kwanza nilichosikia ni hasira, na ilikuwa juu ya mwalimu. Nilitaka kupanda gari palepale nikamtoe roho. Cha pili, hasira juu ya wale wenye kejeli. Nilizunguka jikoni nikifungua makabati na kuyafunga, na binti yangu ananitazama. Ndipo akasema, bila ubaya, kama mtu anayeuliza njia: "Mama, wewe ungefanyaje?"

Nikafungua mdomo kumjibu, nikakuta sina jibu jingine. Ningefunga. Ningefunga kabla hata mwalimu hajamaliza swali, na bango ningelibandua mimi mwenyewe, nikimwambia mwenye bango kwamba namsaidia. Niliona mikono ile ya jirani yangu inanawa na kujifuta na kuinama juu ya karatasi.

Na bado sikujifunza, maana nilichofanya baada ya hapo ni kupika. Jumamosi nilipika pilau, nikaijaza kwenye hotipoti, nikamshika binti yangu mkono, tukaenda mlango wa pili. Jirani alitufungulia, akatukaribisha, akatuwekea viti. Bintiye alikuwa amekaa kwenye kochi, miguu juu, hakuinuka kuniamkia kama siku zote. Nikaweka hotipoti mezani.

"Tumekuja kuomba radhi," nikaanza. "Huyu mwenzenu hana amani. Anasema hakukusudia. Anasema alitaka kumsaidia dada yake, wale watoto walikuwa wanamwonea, anasema yeye..."

"Dada," jirani akasema. Hakupaza sauti. "Wacha aseme mwenyewe."

Binti yangu akanitazama, akamtazama mwenzake, na kitu ambacho sijawahi kukisikia nyumbani kwangu, akasema kwa Kiswahili. Kibovu, kinachechemea, lakini Kiswahili. "Mimi nilitaka wao waache wewe. Pole. Mimi nilitaka kusaidia."

"Sikukuomba," mwenzake akajibu. "Nilikuwa pale. Mbele yako. Ungeniuliza."

"Wao walikuwa wanacheka wewe."

"Najua. Nilikuwa ninaongea, na bo banacheka. Nilikuwa ninamaliza. Kila siku nilimaliza." Akashusha miguu chini. "Wewe ndiye umeninyamazisha. Bo hawakuweza."

Akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu. Heri angeubamiza.

Mimi nikarudi kwenye ninachokijua. Nikaanza kufungua hotipoti, nikasema jamani tule basi, watoto ni watoto, watapatana tu. Jirani akaweka mkono wake juu ya kifuniko.

"Dada, wewe ni mtu ya mzuri," akasema. "Ile gari yako, ile chakula yako, Mungu anaona. Lakini nitakwambia kitu, na usikasirike. Kwenu tulipewa kula. Kila mwezi, mahindi, maharagi, mafuta, hatukufa, tunashukuru. Kusema hatukupewa. Kutoka, ni kuomba ruhusa. Kulima, ni kukatazwa. Mkutano ikiitwa, jibu ilishatengenezwa zamani, sisi ni kupiga makofi. Huyu mtoto alizaliwa ndani ya hiyo. Nilimwambia, kule tunaenda utasema mpaka uchoke. Sasa amesema siku ine tu."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, tena vibaya, na hata katika kulia nilitaka kumwelezea, nilitaka kumwambia kwamba si mimi niliyeweka kanuni za kambi, kwamba Njombe ni mbali na Kigoma, kwamba mama yangu naye alikuwa mtu mdogo tu. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililofaa. Nikamwambia, "Nisamehe." Akasema, "Nimesamehe, dada. Lakini mtoto ni yeye mwenyewe. Mimi siwezi kumsamehea."

Pilau akaipokea kwa adabu. Siku ya pili hotipoti ilirudi imeoshwa, tupu, na ndani hakukuwa na kitu. Tangu tujuane hajawahi kunirudishia chombo kitupu, na wala mimi sijawahi kumrudishia.

Wiki iliyofuata tulikwenda watatu kwenye gari. Jirani aliongea nami kuhusu kazi, kuhusu mguu wa mzee fulani, kuhusu baridi. Tulipofika kwa bosi kuomba tubadilishiwe zamu, nilisimama pembeni na nikauma ulimi, na yeye akaongea mwenyewe, polepole, akitafuta maneno. Lilikosekana neno moja, na mimi nilikuwa nalo mdomoni. Nililimeza. Akalipata mwenyewe. Sitasema ilikuwa rahisi.

Kisha ikaja asubuhi ya mvua, ile mvua ya huku ya kuanguka kwa ubavu, yenye barafu ndani yake. Nilipokata kona ya kutoka mtaani kwetu, binti wa jirani alikuwa kwenye kituo cha basi la shule, peke yake, kofia ya koti imelowa mpaka imemganda kichwani. Mama yake pembeni yangu alimwona. Mimi nilimwona. Nikasimamisha gari, nikashusha kioo. Maneno yalikuwa yameshanijaa mdomoni: panda upesi, mjinga wewe, utapata homa ya mapafu. Mlango wa nyuma kidole changu kilikuwa kimeshaufungua kwa kitufe.

Nikasema, "Utakuja nasi?"

"Hapana, mama. Asante."

"Haya."

Nikapandisha kioo. Nilijiona mkatili. Nilimtazama mama yake ili aniambie nimrudishe, nimlazimishe, nifanye kitu, na yeye alikuwa anatazama mbele, mikono kwenye mapaja, midomo imebana.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka. Binti yangu akashuka. Hana mwavuli, hana kofia, na koti lake ni lile jepesi ninalomgombezea kila siku. Hakuniaga. Akaenda mpaka kituoni, hakumkaribia mwenzake, akasimama mbali naye kidogo, upande mvua inakotoka, mkoba kifuani. Yule mwingine hakugeuza kichwa. Walisimama hivyo wote wawili wakitazama barabara, na nywele za binti yangu, nilizomsuka Jumapili, zinachuruzika maji.

Mkono wangu ulikuwa kwenye kitufe cha kioo. Nilikuwa na ya kuwaambia, wote wawili, mengi tu.

"Twende, dada," jirani akasema. "Tutachelewa kazi."

Nikaingiza gia, tukaenda.